Mtoto Aliyelazwa Kando ya Mawe

Kaka yangu mkubwa alikufa kabla mimi sijazaliwa. Aliishi siku chache tu, kifua kikabanwa na baridi ya kule juu, na asubuhi moja mama alipomfunua amnyonyeshe akamkuta ameshapoa. Baba na mama wakati huo walikuwa vibarua katika shamba kubwa upande wa Kitale, kule ambako ardhi inaanza kupanda kuelekea Mlima Elgon. Walikuwa wametoka sehemu za kati za nchi, wameoana juzijuzi, mali yao sufuria, blanketi na tamaa ya kupata siku moja kipande cha shamba. Baba alikamua ng'ombe. Mama alipalilia mahindi.

Mwenye shamba aliwakataza kuzika pale. Hakuwa mtu katili. Mama hakuacha kulisema hilo kila alipotusimulia, na hata maziwa alimpa siku ile. Ila alisema kaburi ni kama hati. Ukimruhusu kibarua azike, kesho watoto wake watakuja waseme mtu wetu amelala hapa, kwa hiyo hapa ni petu. Makaburi ya mjini yalitaka gari na ruhusa, na wao mjini hawakuwa na mtu. Basi baba akatafuta sanduku la mbao lililokuwa la majani chai, mama akatandika leso yake ndani, wakapanda juu. Wakayapita mahindi ya mwisho, wakavuka ua wa seng'enge, wakatokea uwandani.

Uwanda ule naujua vizuri, kwa sababu nilikua nikipelekwa huko. Ulikuwa mahali pa nyasi ngumu zilizoota kwa vishungi, zenye rangi ya majivu wakati wa kiangazi, bila mti wa kukinga upepo. Ukungu ulishuka ghafla mchana, na ukishuka huoni hata mkono wako. Mtu hakulima huko. Ng'ombe walichungwa, basi. Na katikati, peke yake, palikuwa na rundo la mawe, kimo chake kupita mtu mzima, upana wake kama nyumba ya msonge. Hayakuwa mawe yaliyoporomoka yenyewe. Ungeona kabisa kwamba mikono ya watu iliyapanga, makubwa chini, madogo juu, na pembeni yamezama katika udongo kwa uzee. Wenyeji walisema ni kaburi la watu wa kale, Wasirikwa, waliokaa nchi ile kabla ya hawa tunaowajua leo. Nani hasa alilala chini yake, hakuna aliyejua. Lakini mchungaji wa ng'ombe akipita aliokota jiwe akaliweka juu, na kama hakuna jiwe karibu aling'oa nyasi akaziweka. Hakuna aliyechukua jiwe pale. Hata jiwe la jiko.

Baba alichimba ubavuni mwa rundo lile, upande unaotazama jua likichomoza. Mama alisimama akiwa ameshika kifua chake, maana maziwa yalikuwa bado yanatoka. Alipomaliza kufukia, baba alimwambia, "Hapa hakuna wa kumfukuza. Na hatakuwa peke yake."

Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomfanya mama aweze kushuka.

Kila mwaka baada ya mavuno alitupeleka huko, mimi na kaka yangu mdogo. Hatukuona kuwa ni jambo la huzuni. Tulibeba viazi vitamu vilivyochemshwa na chai katika chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la hindi. Mama alikaa chini, akaegemea mawe, akanyoosha miguu, akasema, "Msalimieni mkubwa wenu." Tukamsalimia. Halafu tukakimbizana kuzunguka rundo mpaka tuchoke. Mama hakuomba wala hakulia. Alikaa tu, kama mtu aliyekwenda kumtembelea mtoto wake aliyeoa mbali. Wakati mwingine alisinzia pale, mdomo wazi, na usoni mwake palikuwa na utulivu ambao nyumbani sikuuona.

Miaka ikapita kwa namna yake. Wazee wakapata nusu ekari karibu na Kitale mjini, wakajenga nyumba ya mbao. Mimi nikaolewa Bungoma, na sasa nakaa Kanduyi, ambako nina duka dogo la kushona sare za shule. Kaka yangu alibaki nyumbani na mama, akafungua duka la kutengeneza mashine za kusaga mahindi. Baba alifariki, tukamzika nyuma ya nyumba, karibu na shina la parachichi. Magoti ya mama yakaanza kumsumbua, na safari za kwenda uwandani zikakatika.

Baada ya kumzika baba ndipo mama alipoanza kulizungumza jambo hili. Mwanzo alilitaja kama mzaha. Baadaye alinipigia simu dukani, mteja akiwa amesimama mbele yangu na kipimo shingoni.

"Mami," aliniita, jina analoniita tangu utotoni kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Nataka tumlete nyumbani."

"Nani, mama?"

"Mkubwa wenu. Sasa tuna shamba letu. Mbona tumwache kwa watu?"

Nilimwambia kwamba miaka imekuwa mingi, kwamba huenda hatutapata kitu. Alisema hata udongo. Tutachukua udongo wa pale kwenye karai, tuuweke karibu na baba yake, naye mwenyewe siku ikifika alazwe upande wa pili. Alikuwa ameshapapima mahali penyewe kwa jembe. Niliona hakuna ubaya. Kusema kweli nilifurahi, kwa maana tangu baba aondoke sikuwa nimesikia sauti yake ikiwa na nguvu namna ile.

Nilikwenda Kitale shule zilipofungwa. Kaka yangu alinipokea, lakini tulipotaja safari akaanza kuzungukazunguka. Mara akasema barabara imeharibika, mara mvua.

"Si mngoje tu mwezi ujao," alisema. "Huko kumebadilika sana, mama."

"Mawe nayo yamebadilika?" mama alimuuliza, akicheka.

Kaka alitoka nje akisema kuna mtu anamngoja dukani. Mimi nilidhani ni uvivu.

Tukachukua pikipiki, mama, mimi na dereva, mama katikati, karai likiwa limefungwa nyuma kwa mpira. Mama alikuwa amevaa koti la kanisani. Dereva alikuwa kijana mpole wa upande wa Bungoma, na kila tulipofika penye shimo alimwambia mama, kama bibi yake, "Shosho, shika vizuri, hapa balabala si mzuri." Tulipita mashamba ambayo zamani yalikuwa shamba moja la yule tajiri, sasa yamekatwakatwa vipande, kila kipande na nyumba yake ya mabati na mahindi yake. Tulipanda na kuendelea kupanda. Nilingoja ile seng'enge, nilingoja mahindi yaishe na nyasi zianze. Hayakuisha. Yalipokoma mahindi vikaanza viazi, na kabichi, na nyumba nyingine za mabati mapya yanayong'aa.

Mama akamgusa dereva begani. Tukashuka. Alitembea hatua chache kuingia kwenye njia kati ya viazi, akageuka, akatembea upande mwingine. Aliangalia mlima, akaangalia bonde, akipima kwa macho kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake.

"Tumepotea," alisema. "Tumechukua njia ile ingine."

"Hatujapotea, shosho," dereva alisema. "Si ni hapa kulikuwa na yale mawe mengi? Mimi nilikuwa nabeba watu wa kuja kuyapakia kwa trela."

Nilimwangalia anyamaze, lakini alikuwa amekwisha kusema.

Mwanamke mmoja alikuwa akichimba viazi karibu, mtoto mgongoni. Alituona, akaja, akijipangusa mikono. Alikuwa mwenyeji wa mlimani, akamwita mama "kogo," yaani nyanya kwa lugha yao, na akatusalimia kwa adabu kabisa. Mama akamuuliza kuhusu mawe, kwa upole, kana kwamba anauliza habari za ng'ombe aliyepotea.

"Mawe tulitoa," yule mwanamke alisema. "Tulinunua hapa tukiwa watu wengi, tukagawana. Mawe yalikuwa yanakula shamba, kogo. Yale makubwa yalienda kwa misingi ya nyumba. Yale mengine tuliponda kokoto. Mimi mwenyewe niliponda, na nyundo. Wanawake ndio walikuwa wanaponda."

"Na chini?" mama aliuliza. "Chini kulikuwa na nini?"

Yule mwanamke alimwangalia mama, akaniangalia mimi.

"Kulikuwa na mifupa. Ilitushtua. Wengine walisema tuache, wengine wakasema hao ni watu wa zamani, hawana mtu. Wale wa tingatinga wakaisukuma kwa barabara wakati wa kutengeneza, wakaweka ule udongo mwekundu wa muramu juu."

"Barabara gani?"

"Si hiyo mmekuja nayo."

Tuligeuka wote watatu kuitazama. Ilikuwa barabara nyekundu ya kawaida, na pikipiki yetu imeegeshwa juu yake.

Halafu mama aliuliza swali ambalo naamini alikuwa amelibeba tangu aliposikia neno mifupa. Aliinamisha kichwa karibu na yule mwanamke, kama anamwambia siri ya wanawake.

"Kulikuwa na midogo?"

"Kogo?"

"Mifupa. Kulikuwa na midogo? Ya mtoto? Upande huu wa jua. Kulikuwa na sanduku."

Uso wa yule mwanamke ukabadilika. Alipeleka mkono nyuma akamshika mtoto aliyekuwa mgongoni mwake.

"Pole," alisema. "Pole sana, kogo. Sikuangalia. Hatukujua kuna mtu wa juzi. Tungejua hatungegusa."

Aliyasema hayo kwa dhati. Nimemfikiria mara nyingi tangu siku hiyo na sijaweza kumchukia. Alikuwa mtu asiye na shamba aliyepata shamba, kama wazazi wangu walivyotamani wakiwa na umri wake. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu angekuwa mtu mbaya.

Mama aliomba aonyeshwe mahali rundo lilipokuwa. Pale penyewe viazi vilikuwa vimestawi kupita vingine, majani meusi kwa afya. Mama alichutama, akashika udongo, akauachia. Nikamletea karai. Alilikataa kwa mkono.

"Nichukue upi?" aliniuliza. "Mami, nichukue upi?"

Kila tuta lilikuwa sawa na lingine. Baba alikuwa amepima toka jiwe moja jeupe la pembeni, na mama alikijua kipimo hicho kwa moyo, lakini jiwe lenyewe huenda lilikuwa chini ya ukuta wa sebule ya mtu. Alisogea tuta moja, akasimama. Akasogea lingine. Mvua nyembamba ikaanza. Mwishowe nilimshika kiwiko, naye akakubali kuongozwa kama kipofu.

Yule mwanamke alitujazia viazi katika mfuko na kumpa mama kwa mikono miwili. Mama alipokea, maana kukataa chakula cha mtu si tabia yake. Tulipofika bondeni alimwambia dereva asimame, akauweka ule mfuko kando ya njia, juu ya nyasi, taratibu. Njia yote hiyo dereva aliendesha polepole mno, na mimi nilijua wote tunafikiria tairi linapita juu ya nini.

Jioni kaka yangu aliporudi alitukuta jikoni. Aliona karai tupu, akajua.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu walete tingatinga. Nilipelekwa kutengeneza mashine huko nikaona wanapakia." Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ungetaka nifanye nini, siste? Nisimame mbele ya tingatinga nikisema kuna ndugu yangu hapa? Karatasi iko wapi? Na nikimwambia mama ndio itakuwaje? Nilisema acha abaki na yale mawe moyoni, hiyo tu. Magoti yake hayangemfikisha. Nilijua hatawahi kwenda."

"Mimi ndiye nimempeleka."

"Sijasema hivyo."

Mama alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka. Alisema kwa Kikuyu, kwa sauti ya kawaida, kwamba tusigombane, watu wa zamani walikuwa na mawe yote yale juu yao na hayakuwasaidia, sembuse mtoto aliyekuwa na sanduku la majani chai. Kisha akatupakulia. Yeye hakunywa.

Wiki zilizofuata kaka alinipigia simu kusema kwamba mama haongei, haendi kanisani, na usiku anasikika akitembea. Nikaamua kumleta Kanduyi. Kwa watu wa mume wangu mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe, wala hawakai wakitazamana, kwa hiyo mume wangu alikwenda kulala kwa ndugu yake, bila kunung'unika, muda wote mama alipokuwa kwetu. Kwa heshima hiyo ninamshukuru hadi leo. Nilimwekea mama kiti mlangoni mwa duka, apate jua, aone watu. Nilifikiri kelele za mji zitamtoa huko alikokwenda.

Kando ya duka langu palikuwa pakijengwa nyumba ya kupangisha. Siku moja lori likamwaga kokoto. Mimi nilikuwa ndani nikikata kitambaa, na niliposhtukia kiti kilikuwa kitupu. Nilimkuta amepiga magoti kwenye kokoto, magoti yale yale mabovu, akichukua kipande kimoja kimoja, akikigeuza, akikiweka upande. Mafundi walikuwa wamesimama na sepetu zao, hawajui wafanye nini. Fundi mkuu aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mtoe hapo, ataumia."

"Mama, hizi zimetoka Webuye huko," nilimwambia, ingawa sikujua zilikotoka. "Si zile."

"Umejuaje?"

"Si zile, mama."

"Lakini umejuaje?"

Niliinama nikamwinua. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu kidogo na vumbi jeupe limevifunika. Nilimnawisha katika beseni nyuma ya duka, naye aliniangalia nikimnawisha kama mtoto anavyomwangalia mama yake. Aliniambia nisiogope, kichwa chake kiko sawa. Alijua hatampata humo. "Lakini mikono inataka kutafuta," alisema.

Kesho yake alitaka kurudi Kitale. Nilimsihi abaki. Alisema kwangu kuna joto sana, na kwamba haifai mwanamume kukimbizwa nyumbani kwake na mkwe. Nikampandisha gari.

Hakuugua ugonjwa wenye jina. Hospitalini walimpima wakasema ana umri, wakampa vitamini. Alipungua. Kila nilipokwenda kumwona alikuwa mdogo zaidi kitandani, na mazungumzo yamepungua vilevile, mpaka yakawa salamu peke yake. Mara moja nilijaribu kumfariji kwa yale ambayo watu husema, kwamba mtoto yuko mbinguni, kwamba udongo ni udongo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba yenu aliniambia hapa hakuna wa kumfukuza," alisema. "Nikamwamini. Nikamwacha."

Akageukia ukuta. Hayo ndiyo maneno ya mwisho marefu aliyoniambia. Nimejaribu kukumbuka mengine, mazuri zaidi, ya baadaye, lakini ukweli ni kwamba hayakuwapo. Alikufa msimu wa baridi, mahindi yakiwa yanachanua, kaka yangu akiwa ameenda kumnunulia maziwa.

Tulimzika upande wa pili wa parachichi. Katikati yake na baba pana nafasi aliyoiacha mwenyewe, na kaka yangu hakujua aifanyie nini. Mjomba mmoja alishauri tuandike jina la mtoto kwenye ubao tuusimamishe pale. Nilikataa. Ubao ungekuwa uwongo, na mama alikuwa ameshatendewa uwongo wa kutosha, hata ule wa huruma. Siku ya mazishi mchungaji wa kanisa, ambaye tulikuwa tumemweleza habari hiyo, alisema mbele ya watu kwamba sasa mama na mtoto wake wamekutana. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Sio kwa ubishi. Nilikuwa nikiitazama ile nafasi ya katikati.

Mimi na kaka yangu tunaongea, tunasalimiana, sikukuu tunapigiana simu. Hatujawahi kulitaja tena. Najua anafikiri laiti nisingempeleka mama, na ninajua nami nafikiri laiti angesema mapema, na hakuna kati yetu aliye na hatia ya kutosha kuubeba mzigo wote na kumwachia mwenzake nafuu. Watu huniambia muda utaponya. Wanalisema kwa wema, nami huwaitikia. Lakini muda ndio uliokuja na tingatinga.

Jioni ile ya mazishi nilipanda gari la kurudi Bungoma kabla chakula hakijaisha kupakuliwa. Ilikuwa inanyesha. Asubuhi nilifungua duka, kwa kuwa shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na wazazi walikuwa wameshapanga foleni.